Pingili za Muhogo Hazitakuja Mwaka Huu

Kunduchi,
Dar es Salaam

Mdogo wangu Mwanahawa,

Kabla ya lolote, niambie habari za goti lako. Lile la kulia, lililokuwa likikuamsha kabla ya adhana, bado linakutesa au yale majani ya kuchulia yamesaidia? Na kifua cha mjomba wetu je? Na wewe unakula? Usinijibu kwamba mnaendelea vizuri, kama kawaida yako. Nataka nijue unakula nini asubuhi na unakula nini jioni. Mie mwili ni mzima, alhamdulillahi. Meno yamebaki ya upande mmoja, lakini upande huo unafanya kazi ya pande zote mbili. Kinachoniuma safari hii si mwili.

Zainabu, mke wa mwanetu, wewe ndiye unayesoma, na najua mama mkwe wako amekuinamia hapo asipitwe na neno. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sasa nakuomba jambo. Barua hii ina maneno ya aibu, na aibu yenyewe ni yangu. Usiruke mstari. Usilainishe. Ukifika mahali ukaona uso unakuwaka, meza mate, endelea.

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Barua za nyuma niliandikiwa na mwalimu wa kisomo pale tawini. Hii sikutaka kumpa mtu, kwa hiyo vumilieni herufi zilizolala. Kisomo nimekianza na mvi kichwani, na nimeiandika barua hii vipande vipande, mchana nikitoka kazini, mpaka macho yanatoa machozi. Mwanangu niliyefuatana naye huku anauliza, mama unaandika nini kila siku, namwambia naandika kwetu. Hajui ni nini.

Nisizunguke. Pingili za muhogo nilizowaahidi hazitakuja mwaka huu. Lori halitakuja. Yale matuta mliyopiga kwa ajili yake, pandeni kitu kingine, na pandeni upesi, mvua isiwakute mnaangalia barabarani. Pandeni kunde, pandeni mtama, pandeni mbaazi, chochote kilichomo ndani. Msiache ardhi tupu kwa ajili ya mdomo wangu. Kosa si la serikali, wala si la kituo. Ni langu. Nitawaeleza lilivyokuwa, maana mkiudhika, na mtaudhika, ni haki yenu mjue mnaudhikia nini.

Mnajua nafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa mazao, huku njia ya kwenda Kunduchi, palipokuwa na mikonge zamani. Wapo wasomi wenye makoti meupe, na tupo sie kina mama. Sie tunapalilia, tunafunga mafungu, tunapika mihogo ya kuonja. Mie ndiye nyapara wa kina mama. Si cheo cha kuandikwa mlangoni, ni kwamba nikiita wanakuja.

Zamani mkubwa wetu alikuwa mmoja, Bwana Mhando, mkuu wa idara ya mashamba. Mtu wa Tanga, mkimya, mwenye mkono wa kutoa. Shemeji yenu alipofariki, yeye ndiye aliyehangaika kutafuta gari la kumpeleka makaburini. Akisema limeni tunalima, akisema basi inakuwa basi. Ukiniuliza siku zile mkubwa wako nani, nilikuwa najibu kabla hujamaliza kuuliza.

Mwaka huu Mkurugenzi akatuita sote ukumbini, mpaka sie wa jembe. Akachora ubaoni mistari ya kusimama na mistari ya kulala. Ya kusimama, akasema, ni idara: mashamba, maabara, ghala. Ya kulala ni miradi: muhogo, mpunga, korosho. Kila mfanyakazi yuko pale mistari inapokatana. Ana mkuu wa idara, ambaye ni wake siku zote, na ana kiongozi wa mradi, ambaye ni wake mpaka mradi uishe. Akasema nchi yetu haina wataalamu wa kutosha wala matrekta ya kutosha, na kila idara ikijifungia na watu wake kama duka la mtu binafsi, utafiti hautamfikia mkulima kamwe. Tugawane watu, tugawane vyombo. Ujamaa si wa shambani tu, akasema, hata ofisini upo.

Mie nikatazama ule mchoro nikaona dirisha la mahabusu.

Nyuma yangu alikaa Pazi, dereva wa lori, Mzaramo mmoja ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo. Akaninong'oneza, "Bibi, umeolewa mara ya pili na wa kwanza hajakuacha."

Nikamwambia, "Nyamaza wewe, mke mmoja tu amekushinda."

"Ndiyo nakwambia. Mie mmoja tu kanishinda, wewe wawili utawaweza?"

Tukacheka. Mkurugenzi akauliza nani ana swali. Wasomi kila mmoja anatazama kalamu yake. Mie nikanyanyua mkono. Nikasema, "Ndugu Mkurugenzi, hawa wakubwa wawili wakiniambia maneno mawili tofauti siku moja, nifuate la nani?"

Akafurahi. Akasema, "Bibi, hilo ndilo swali lenyewe. Usifuate la yeyote kwanza. Waambie wote wawili. Huyu mwambie yule kasema nini, na yule mwambie huyu kasema nini. Wasipopatana, Jumatatu tunakutana hapa, unasema mbele yetu sote. Mpango huu unasimama kwa watu kusema. Watu wakinyamaza, umekufa."

Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Mwanahawa, nakuandikia hili ili ujue kwamba nilisikia. Sikuambiwa kwa Kizungu. Niliuliza mwenyewe, nikajibiwa mwenyewe, kwa Kiswahili, nikapiga makofi.

Kiongozi wa mradi wa muhogo ni binti, anaitwa Felista. Mkristo wa bara, huko wanakokula ndizi asubuhi na jioni. Nilipomwona mara ya kwanza nilimdharau, siwafichi. Mwembamba, anaongea taratibu, anaweza kuwa mjukuu wangu. Nikasema moyoni, huyu ndiye mkubwa wangu wa pili? Lakini kila asubuhi alianza kwa shikamoo, na alikuwa akiuliza jambo anasubiri jibu lake. Mchana akawa anakuja kula kwangu, jikoni nyuma. Kisamvu cha nazi hakukijua, sasa anakomba sufuria. Watu wakasema Bibi kapata mtoto. Nami nikaona hivyo.

Mradi wake ni wa kutafuta aina ya muhogo inayostahimili batobato. Ugonjwa wenyewe mnaujua kuliko mie: majani yanajikunja, yanaingia madoa, ukichimba unakuta mzizi kama kidole cha mtoto mchanga. Siku moja kwenye kikao cha Jumatatu walikuwa wanajadili kijiji gani kipelekewe mbegu kwanza. Nikasimama nikasema kwetu, upande wa Newala, watu wanachimba shamba zima wanapata kapu moja. Nikamtaja Mwanahawa binti Saidi kwa jina. Felista akaniangalia, akasema, "Basi, Bibi, kijiji chenu kitakuwa cha kwanza."

Ndipo nikaandikisha ile barua mliyoipata. Ile ya majivuno. Nikasema serikali imenisikiliza mie. Nikasema pigeni matuta, msipande kitu, waambieni kina mama wote. Mkaniamini. Ulinijibu kwamba mwenyekiti wa kijiji amesimama mkutanoni akasema tuna dada yetu mjini. Barua hiyo nilimsomea kila mtu aliyekuwa tayari kusikiliza, na wengine ambao hawakuwa tayari.

Sasa sikilizeni nilivyofanya.

Tulikata pingili, aina nne. Kila aina ilifungwa mafungu na kitambaa chake cha rangi. Ile iliyostahimili ugonjwa, ambayo ndiyo ya kuja kwenu, ilikuwa na kitambaa cha kijani. Nyingine zilikuwa za kulinganisha tu, na mojawapo inaugua vibaya sana. Zikiwa zimekatwa, kwa macho, zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Tukazipanga bandani, kivulini. Felista akaitwa mkutano Morogoro. Kabla hajaondoka akanishika mkono akasema, "Bibi, haya mafungu yasiguswe mpaka nirudi. Lolote likitokea, mwambie Bwana Mhando."

Nikasema sawa.

Hajafika hata nusu ya safari, Bwana Mhando akaja. "Bibi, banda nalitaka. Mbegu ya mpunga inashuka kesho. Toeni hiyo miti."

Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Basi. Hayo ndiyo maneno yangu yote. Ndiyo, Bwana. Sikusema Felista kaniambia zisiguswe. Sikusema hiyo si miti, ni aina nne. Neno lilikuwa hapa kwenye ulimi, nikalimeza.

Utaniuliza kwa nini, na wewe ndiye mtu pekee nisiyelazimika kumweleza sana. Sie tumelelewa na baba nyumbani na mjomba juu yake. Baba akisema watoto kesho waende shamba, mjomba akisema watoto kesho waje kwangu, mama yetu alifanya nini? Hakumpelekea huyu maneno ya yule hata siku moja. Alinyamaza, akatafuta njia ya katikati, jioni kila mmoja akalala akijua amesikilizwa. Ndivyo tulivyofunzwa unyagoni mie na wewe, kwamba mwanamke mzima hapeleki maneno. Msichana mwenye kupeleka maneno tulimcheka mpaka akalia. Kwa hiyo nilipowapata wakubwa wawili, nikasema moyoni, hili nalijua, Mkurugenzi kachora tu kwa chaki jambo nililokulia. Nikajiona mjanja.

Njia yangu ya katikati ilikuwa hii. Tuzitoe pingili bandani, Bwana Mhando aridhike. Tuzilaze nyuma ya jiko, karibu na ua, halafu mbegu ya mpunga ikiondoka tuzirudishe, Felista azikute alipoziacha. Hakuna atakayejua, hakuna atakayegombana. Mafungu yalikuwa mazito, tukayafungua, tukabeba kwa mikono. Nikapanga malundo manne. Nikajiambia la karibu na bomba ndilo la kijani, na mengine vilevile nikayawekea alama kichwani. Vitambaa nikavifunga kwenye pindo la khanga.

Mama Chausiku, tunayefanya naye kazi, akauliza, "Bibi, si tumwambie Bwana Mhando kwamba hizi zina kwao kila moja? Asije akaona ni takataka."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Wewe nani kakutuma kuchonganisha wakubwa?" Mbele ya wenzake. Akainama, akaendelea kubeba. Mtu alinionyesha shimo nikamtukana.

Kesho yake kukawa na wageni kutoka wizarani. Bwana Mhando akapita nyuma ya jiko, akaona malundo yamekaa ovyo, akawaambia vijana wa bustani wapasafishe. Hawakuwa na baya. Walizikusanya zote, wakazipanga lundo moja chini ya kibanda cha trekta. Nilipofika nikalikuta, zuri, limenyooka, kama kuni za harusini.

Nilisimama pale na vitambaa vyangu kwenye pindo la khanga.

Hata hapo njia ilikuwepo. Ningekwenda kwa Bwana Mhando. Ningengoja Felista, nikamwambia. Sikufanya. Nikachukua kigoda nikaanza kuzichambua mwenyewe. Nikajiambia, mie nimezaliwa kwenye muhogo, nimeota meno kwa muhogo, nitashindwa kuujua? Hii gamba jekundu, hii macho yamekaribiana, hii ina utomvu mwingi. Nyingine nilikuwa nazijua kweli. Nyingine nilikuwa nabahatisha. Mwisho nilichoka, kila iliyonitatiza nikaitupa nilipoona panafaa. Nikafunga mafungu, nikarudisha vitambaa.

Felista akarudi. Akapita kwenye mafungu, akasimama. "Bibi, haya mafundo si yangu."

"Tuliyasogeza kidogo, mwanangu. Banda lilihitajika."

"Yalifunguliwa?"

"Ili yabebeke."

Akachuchumaa, akashika kitambaa cha kijani. "Una uhakika kila moja limerudi kwenye rangi yake?"

Nikacheka, Mwanahawa. Nilicheka. Nikasema, "Mie nipotezwe na muhogo? Labda wewe na ndizi zako." Naye akacheka. Akainuka, akaniambia, "Haya, Bibi." Akaniamini. Mtu aliyesoma mpaka ng'ambo kaacha kupima akaniamini mie, kwa sababu nampikia kisamvu na kwa sababu nilicheka.

Kosa la kunyamaza ningeweza kulisemea, ningesema ni malezi. Lile cheko sina pa kulipeleka.

Lori likapakiwa. Asubuhi ya safari Pazi yuko juu ya usukani, kapaka mafuta kichwani kama anakwenda kuoa. Akaniita dirishani.

"Bibi, nikifika kwenu nimuulize nani?"

"Muulize Mwanahawa binti Saidi. Mtu yeyote atakuonyesha."

"Anafanana na wewe?"

"Mzuri kuliko mie."

"Sasa hapo nitamjuaje, si kijiji kizima kitakuwa kizuri kuliko wewe?"

Nikampiga na ncha ya khanga. Akasema, "Haya, nimpe ujumbe gani?"

Nikafungua mdomo niseme, mwambie apande bila wasiwasi, nimezichagua kwa mkono wangu. Haikutoka. Nilikuona, mdogo wangu. Nilikuona umeinama juu ya tuta na hilo goti lako, unashindilia udongo, unawaambia wenzako hizi katuletea dada. Kisha nikaona majani yanajikunja. Na safari hii ugonjwa kawaletea dada.

Nikashika mlango wa lori. "Shuka."

"Nishuke niende wapi, Bibi?"

"Zima gari. Sijui nimekupakia nini."

Pazi akadhani ni mzaha. Aliponitazama vizuri akazima.

Nikamwambia Felista kwamba mafungu nimeyachambua kwa kubahatisha, tukaitwa ukumbini. Felista alifungua fungu la kijani palepale sakafuni, akachomoa pingili moja, akaitazama, akachomoa nyingine. Alitazama nyingi. Akasema hata yeye hawezi kuapa, na kupeleka shambani kwa mkulima kitu usichoweza kukiapia ni dhambi.

Bwana Mhando akasema, "Mie sikuambiwa kwamba zina aina tofauti."

Felista akasema, "Nami sikuambiwa kwamba banda linatakiwa."

Mkurugenzi akauliza, "Sasa nani alikuwa anajua yote mawili?"

Nikainuka. Nikasema, "Mie."

"Uliponiuliza siku ile, nilikujibu nini?"

"Uliniambia niseme kwa wote wawili."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya, Ndugu Mkurugenzi."

Nilitaka anifukuze. Hakunifukuza. Bwana mmoja wa ghala, ambaye tangu mwanzo hakuupenda mpango ule, akasema, mnaona sasa, turudi kwenye mkubwa mmoja, mambo ya mistari kukatana yanachanganya watu wazima. Mwingine akasema, ndiyo matokeo ya kumpa mtoto mradi. Hapo damu ikanipanda. Nikamwambia, "Mtoto gani? Mtoto aliniachia neno lililonyooka, na akaniambia likitokea lolote nimwambie nani. Aliyelificha ni huyu hapa mwenye wajukuu. Mkitaka kumsema mtu, mtu kasimama." Nikakaa.

Pingili zote tumezichoma, mtu asije akaziokota akapanda. Niliomba niwashe moto mwenyewe. Felista alisimama karibu yangu, moshi ukatuingia sote wawili. Baadaye Bwana Mhando akaja jikoni, akasimama mlangoni, hakukaa. Akasema, "Bibi, ungeniambia, mpunga ningeuweka barazani. Baraza lilikuwa wazi." Akaondoka. Baraza lilikuwa wazi, Mwanahawa. Ugomvi niliokuwa nauogopa haukuwepo. Nimewanyima watu wangu mbegu kwa kuzuia ugomvi ambao haukuwepo.

Na Felista aliniambia maneno machache tu. "Ungesema tu, Bibi." Angenikaripia ningelala. Ripoti ya mradi inakwenda wizarani kwamba msimu umepotea, na jina lililo juu yake ni la Felista. Langu halimo popote. Ataulizwa yeye, na hajui kama mwakani watamwachia mradi. Mwenye kosa hana hata mstari wa kuandikwa, na asiye na kosa ndiye atakayejieleza. Kwenye ule mchoro wa Mkurugenzi nilidhani mie ndiye nimefungwa. Kumbe wale wawili walikuwa wamefungwa kwangu.

Alikaa siku nyingi haji kula. Nilikuwa nampakulia hivyohivyo, nafunika, jioni nampa paka. Juzi akaja, akafunua sufuria, akauliza, "Bibi, cha leo hakina nazi?" Nikageukia moto nisionekane uso. Nazi nilikuwa sijatia kwa kukata tamaa. Nimekuna palepale.

Sasa kila Jumatatu mie ndiye wa kwanza kusimama. Wamepatana hivyo wao wawili, Felista na Bwana Mhando, na ni jambo la kwanza nililowahi kuwaona wamepatana bila Mkurugenzi. Nasema, Bwana Mhando anataka kina mama wawe kwenye korosho, Felista anawataka kwenye muhogo, siku ni hiyohiyo, amueni. Mara ya kwanza sauti ilinikatika kama mwari anayetolewa nje. Pazi akasema, "Redio imewashwa." Watu wakacheka, nami nikaendelea. Bado naona haya. Lakini nasema. Na Mama Chausiku nimemwomba radhi mbele ya walewale niliomtukania mbele yao. Akasema yamekwisha, Bibi. Najua hayajaisha, nampa muda.

Visiki vimo shambani, kila aina kwenye mstari wake, vimeanza kuchipua. Felista anasema vikikua vizuri tutakata tena msimu ujao. Anasema hivyo yeye. Mie siahidi. Nilishaahidi mara moja.

Sasa Zainabu, mwanangu, hapa ndipo kazi yako. Najua mkishamaliza kusoma, Mwanahawa atakwambia, hii ikunje uiweke, watu tuwaambie lori limeharibika. Atafanya hivyo kwa kunipenda. Amefunzwa kunyamaza na walewale walionifunza mie. Mwanahawa, nakukataza. Ichukueni barua hii kwa mwenyekiti, waiteni kina mama waliopiga yale matuta, na Zainabu asimame aisome yote, na cheko langu ndani yake. Utaona haya, mwanangu, kumsoma hivi dada wa mkweo mbele za watu. Mie nimeruhusu.

Wakinisema, Mwanahawa, usinitetee. Wakisonya, waache wasonye. Sikiliza mpaka mwisho, kisha niandikie walichosema, chote, na kile kibaya ndicho ukiweke mwanzo. Nipelekee maneno, mdogo wangu. Ndilo ninalokuomba mwaka huu, na silo tulilofunzwa.

Mnisalimie mjomba wetu, mumweleze taratibu kwa ajili ya kifua chake, lakini mumweleze. Mnisalimie shemeji mwenye cherehani, na mwanetu Bakari, mume wa Zainabu, asimame kumsindikiza mkewe siku ya kusoma. Mjane wa marehemu kaka mwambieni khanga yake ipo, itakuja na mtu. Watoto wabusuni, na yule mdogo aliyepewa jina langu mumwombee alichukue jina peke yake, mengine aniachie mwenyewe. Felista anawasalimu. Hawajui, lakini anawasalimu.

Na goti lisiguse udongo wa baridi.

Ni mie dada yako,
Somoe binti Saidi,
niliyekupigisha matuta ya bure